Nusu ya kidonge

Jana mtoto wangu huyu wa mwisho alikuwa anapekua droo ya dawa, akatoa pakiti ya ORS, ule unga wa kuchanganya na maji anywe anayeharisha, akaninusisha, mama hii ni juisi? Ile harufu ya chungwa ikanipiga puani nikakaa chini kabisa.

Enzi hizo kaka yake alikuwa na miezi 14. Ameanza kuharisha asubuhi, jioni nguo zimeisha na kila anachonyonya kinatoka. Kwenye droo kulikuwa na vidonge vya loperamaidi, vya kukata kuharisha, ambavyo baba yake aliandikiwa zamani, vikabaki. Nikasema si dawa ya kuokota hii, daktari kaiandika kwa mkono wake. Nikavunja kimoja, nusu nikaiponda kwa kijiko, nikamnywesha. Na kweli kuharisha kukakata, nikamshukuru Mungu nikalala.

Alfajiri tumbo limevimba, limekaza kama ngoma, mtoto kalegea. Analia ila machozi hamna. Sikumbuki tulifikaje hospitali.

Ninachokumbuka ni vidole vya nesi. Alimfunua tumbo, akaivuta ngozi pembeni ya kitovu kwa vidole viwili, akaachia. Haikurudi. Ilibaki imesimama kamkunjo kadogo, kama shuka uliyoifinya ikiwa na unyevu, mimi nimeikodolea macho naiomba kimoyomoyo ilale, moja, mbili, tatu, ndiyo ikaanza kushuka polepole. Nesi hakuniangalia. Aliita tu, dripu, haraka.

Daktari alikuja kuniuliza nimempa nini nikamwambia ukweli wote. Hakunifokea, akasema mama, hiyo dawa haiui ugonjwa, inaulaza utumbo, maji yanaendelea kumwagika humo humo ndani ila wewe huyaoni, unadhani amepona. Mtoto wa chini ya miaka miwili hapewi kabisa. Nikaomba basi antibayotiki, akakataa pia, choo hakina damu, na kuharisha kwingi kwa watoto ni virusi, antibayotiki haivigusi.

Alivyozinduka nikakabidhiwa kikombe na kijiko. Pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi, usipunguze maji hata kidogo, ikipita saa 24 mwaga uchanganye nyingine. Kijiko kimoja, subiri kidogo, kingine. Akitapika ngoja dakika 10 uanze tena taratibu, na ziwa usimnyime. Nilinywesha hivyo mpaka kukakucha, na alipokojoa, mkojo wa moto ukanilowanisha gauni lote, nililia kwa sauti mpaka wenzangu wa wodini wakaamka. Tukarudi nyumbani na zinki, miligramu 20 mara moja kwa siku, siku 10, hata kama ameacha kuharisha siku ya pili.

Ile karatasi ya maelezo ilikuwemo kwenye boksi la vile vidonge muda wote. Nilikuja kuifungua wiki nzima baadaye, kwamba watoto wadogo wasipewe imeandikwa pale wazi kabisa. Mpaka leo najiuliza, hivi usiku ule ningeiona ningeisoma, au uchovu ungenishinda tu?

Sasa hivi kaka mtu ananizidi urefu na sijawahi kumwambia. Jana alikuwa mlangoni, akamjibu mdogo wake, hiyo si juisi, unakunywa ukiharisha, mi sijawahi kuinywa. Nikafungua mdomo nimwambie.

Nikaichukua pakiti, nikairudisha kwenye droo.