Niliitisha mkutano wa mtaa kwa kuangalia mwezi

Nimeanika dagaa miaka kumi na tisa kwenye mwalo mmoja wa Ilemela, pale mitumbwi ya uvuvi inaposhusha samaki, kabla sijawa mwenyekiti wa mtaa. Nilipochukua fomu mara ya kwanza, mwaka 2019, mzee mmoja mstaafu wa serikali aliniambia, "Mama, habari za dagaa zifiche. Watu wanataka kiongozi, si mchuuzi." Nikamsikiliza. Nikaazima suti, nikapika pilau, nikalipia spika; kama laki nne hivi zilikwenda. Kura za maoni nikaangushwa vibaya.

Ushauri ule unaniuma mpaka leo. Paul Bomani, kabla ya kuwa waziri wa fedha, alianzia kwenye vyama vya wakulima wa pamba hapa hapa Mwanza, enzi ambazo mkulima alikuwa akipunjwa kwenye mizani. Pamba hakuificha.

Mwaka 2024 nikarudi na kitenge changu na daftari la michango ya choo cha mwalo. Nililitunza miaka minne nikiwa mweka hazina: nani katoa mia tano, saruji mifuko mingapi, fundi kalipwa lini. Aliyetaka kuliona nilimfungulia. Novemba 27 nikashinda.

Mkutano wangu wa kwanza ukafa. Mtendaji aliupanga Jumamosi saa tatu asubuhi, nami nikaitikia nikidhani ofisi ina saa zake. Wakaja watu kumi na wanne. Saa hiyo akina mama wanaanika, na wavuvi waliokesha ziwani wanatafuta pa kulala. Ukichaguliwa, uliza kwanza watu wako wanalala saa ngapi.

Nikamwambia mtendaji, "Kaka, safari ijayo tuangalie mwezi." Dagaa huvuliwa gizani, hufuata taa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, taa haiwavuti tena, basi mitumbwi hupandishwa mchangani siku kadhaa na watu hushona nyavu. Tukauweka mkutano katikati ya mbalamwezi, saa kumi jioni, mwaloni penyewe. Manahodha wakaja na nyavu zao, wakawa wanashona huku wanasikiliza. Akina mama hawakuwa na dagaa wa kuanua. Tukasoma mapato na matumizi mpaka jua likazama, na binti mmoja mbeba ndoo akauliza swali la ushuru lililotukalisha wajumbe wote kimya.

Tarehe za mikutano sasa napanga mimi. Mtendaji amebandika kalenda ya mwezi ukutani, juu ya meza yake.