Wageni wa Rubondo

Mjomba alikubali twende Rubondo, kisiwa cha hifadhi ya taifa ndani ya Ziwa Victoria, kwa sababu moja tu: alitaka kuyaona maji ambayo katika uvuvi wake wote hakuthubutu kutupa nyavu. Kulipia kitanda msituni, hilo lilimshinda. "Si msitu ule ule tuliokuwa tukifyeka tulime?" aliniuliza tukiwa kwenye kivuko cha Kigongo, enzi hizo daraja la kwenda Busisi bado ni nguzo.

Njia ya Sengerema na Geita sina la kuisimulia zaidi ya vumbi. Nkome tukapanda boti, na hapo ndipo mjomba alipochangamka, akawa anamwelekeza nahodha upepo unakogeukia bila kuulizwa.

Vibanda vya wageni vya Kageye, pale kisiwani, havina makuu: kitanda, chandarua, taa ya sola, mlango unatazama ziwa na nyuma ni msitu mtupu. Giza lilipoingia nikasikia kitu kinang'oa nyasi karibu na dirisha, kikitafuna na kuhema. Nikamwamsha mjomba. "Kiboko huyo. Lala. Ila usitoke kukojoa." Dakika mbili hazikupita, anakoroma tena. Mimi nilikesha.

Asubuhi askari wa hifadhi akatuingiza msituni. Ndani mlikuwa na giza na unyevu, mizizi imetambaa njia nzima. Sokwe tuliwasikia tu, makelele ya mbali, na juu ya mti tukaonyeshwa matandiko ya majani walikolala. Askari akaeleza kuwa asili yao ni Afrika Magharibi, walikamatwa, wakafungiwa Ulaya, kisha kati ya 1966 na 1969 Bernhard Grzimek, yule Mjerumani mhifadhi wa wanyama aliyejulikana kwa Serengeti, akawaleta hapa kwa meli na kuwafungulia. Wengine walikuwa wametoka kwenye sarakasi. Hakuna aliyewafundisha tunda lipi linalika, na bado wakazaana.

Mjomba akasimama. "Kwa hiyo hawa ni wageni?"

"Ndiyo, mzee."

"Twiga?"

"Aliletwa."

"Tembo?"

"Naye."

"Mbega?"

"Aliletwa, mzee. Wenyeji ni nzohe, yule swala wa kwenye matete, kiboko, fisi maji, mamba…"

Mjomba akacheka mpaka akashika mti. Akaanza na yeye kuhesabu ya ziwani: sangara kapandikizwa miaka ya 1950, sato vilevile. Baba yake alikuwa akivua ngege, ningu na furu, na sangara wa kwanza kunaswa kijijini kwao, watu walimzunguka wakiogopa kumla. Leo viwanda vya minofu Mwanza vinaishi kwa mgeni huyo, na ngege ukimuulizia sokoni unaonekana mzee. Nilizaliwa Mwanza, nimekula sato maisha yangu yote. Hayo sikuwahi kuambiwa na mtu.

Kilichomvuruga kabisa ni jioni, askari aliposema kuna watalii wanaolipa kuja kuvua sangara kwa ndoano.

"Wanawapeleka wapi?"

"Wanapiga picha, mzee, halafu wanamrudisha majini."

"Mzima?"

"Mzima."

Hakusema neno mpaka ugali ukaisha. Kesho yake, kwenye mwalo wa wavuvi wa Nkome, alilibeba jambo hilo kutoka mtumbwi hadi mtumbwi. Kijana mmoja aliyekuwa akishona nyavu akamsikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia mimi: "Kaka, mzee wako kala nini huko?"