Fundi wa mashoto si mzembe

Kwa mafundi cherehani wa Mwanga, Kigoma, mwanafunzi wa mashoto huitwa mzembe upesi: kitenge chake kimekatika kama kimetafunwa na panya. Mkasi ndio wenye kosa. Umeundwa kwa mkono wa kulia, ambao ukibana hugusanisha makali. Kushoto yanaachana, kitambaa kinajikunja katikati, na bapa la juu linaficha mstari wa chaki. Kumlazimisha abadili mkono ni uonevu tu. Atafutiwe mkasi wa mashoto. Ukikosekana, akaze kidogo skrubu, avute kidole gumba kuelekea kiganjani huku vidole vingine vikisukuma nje, na akate tabaka moja moja. Kwenye cherehani hahitaji huruma: mkono wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa pale gurudumu linaposhikwa na wa kulia.