CA 19-9 ya mama ilisoma 812 na haikuwa kansa

Naandika kwa ajili ya mtu ambaye leo ameshika karatasi ya maabara, mzazi wake macho ya manjano, na kuna namba ya CA 19-9, kipimo cha damu ambacho watu hukihusisha na kansa ya kongosho, imewekewa H pembeni, yaani iko juu. Mwaka jana nilikuwa mimi huyo, na ningewasikiliza wote walionishauri, leo ningekuwa nimeshamzika mama.

Mama ana miaka 63, yuko Tanga. Ilianza na maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, hasa usiku akishakula wali wa nazi, sisi tukasema vidonda vya tumbo. Halafu mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo kikapauka kama udongo, mwili ukamuwasha mpaka analala anajikuna, ndo macho yakageuka. Majirani wakasema homa ya manjano, ambayo ni ugonjwa mwingine kabisa unaoletwa na mbu, wengine wakasema homa ya ini, akanyweshwa majani wiki nzima. Wiki ile inaniuma mpaka leo. Altrasaundi ikaonyesha mirija ya nyongo imetanuka, yaani kuna kitu kimeziba huko chini, ila kitu chenyewe hakikuonekana kwa sababu ya gesi tumboni.

Hapo ndo nikakosea. Nilitaka jibu siku hiyohiyo, nikampeleka maabara ya binafsi nikasema mpimeni kansa zote. Laki na ushee ikaondoka. Na siku hiyo mama alikuwa na homa, anatetemeka chini ya khanga mbili, mimi sikuona kama inahusiana. Majibu ya vipimo hivyo vya damu vya kansa: AFP sawa, CEA sawa, CA 125 imepanda kidogo, CA 19-9 ni 812 wakati mwisho wa kawaida ni 37. Aliyenisomea, simtaji wala kituo sikitaji, alinivuta koridoni akaniambia hii ni kansa ya kongosho, msimsumbue mama, mrudisheni nyumbani apumzike. Hakuuliza hata kama ana homa! Jioni mjomba akafika, akaanza habari za shamba na nani atasimamia nini, na mama yuko nyuma ya pazia anasikia kila neno. Hakulia. Aliniita tu akaniuliza, "mwanangu, kwani wameliona hilo dude au wamelihesabia kwenye damu?" Swali hilo ndo lilinipandisha basi la Dar na yeye kesho yake asubuhi.

Hospitali ya rufaa tulipokelewa na daktari bingwa wa upasuaji, kijana tu, akamwamkia mama shikamoo, akamwangalia ulimi na macho, akabonyeza tumbo, karatasi yangu hajaigusa. Nikamwekea mbele ya uso. Akauliza mambo mawili: siku mliyopima alikuwa na homa? Na bilirubini ya siku hiyo ilikuwa ngapi? Bilirubini, yaani ile rangi ya manjano inayojaa kwenye damu, ilikuwa 260, kawaida haifiki hata 25. Akaniambia hiyo 812 iweke pembeni kwanza. CA 19-9 hata chembe za kawaida za mirija ya nyongo zinaitengeneza, na njia yake ya kutokea ni hiyohiyo nyongo, sasa mrija ukiziba inarudi kwenye damu, na bakteria wakiingia chembe zinatengeneza zaidi, jiwe tu la nyongo linaweza kuifikisha maelfu. Ni kama karo limeziba maji yamerudi mpaka jikoni, huwezi kupima kina cha maji ya jikoni ukajua kilichoziba ni nini. Zibua kwanza, halafu pima.

Akawekwa antibayotiki na sindano za vitamini K kwa sababu manjano ya kuziba yanafanya damu isigande vizuri, akapigwa MRCP, picha ya mirija ya nyongo kwa mashine ya sumaku, jiwe likaonekana kwenye mrija mkubwa. Ila mwisho wa mrija palikuwa pembamba kidogo, kwa hiyo kansa ilikuwa haijafutwa. Wakafanya ERCP, kamera inapita mdomoni mpaka kwenye utumbo, wakapanua mlango wa mrija, jiwe likavutwa. Gharama usiniulize kwa undani, ni milioni kadhaa, bima ilibeba sehemu, nyingine ni ng'ombe.

Sasa kitu ninachojivunia ni daftari. Nililichora mistari: tarehe, homa ipo au haipo, bilirubini, CA 19-9, na jina la maabara. Daktari alinionya kwamba mashine tofauti zinatoa namba tofauti kwa damu ileile, kwa hiyo nilianza upya na maabara moja na sikuhama, hata shangazi aliponipigia kunielekeza kwenye ya bei rahisi. Nilizuia pia isipimwe siku tatu baada ya ERCP kama ndugu walivyotaka, nikasubiri manjano yaishe. Wiki ya nne bilirubini 31, CA 19-9 ikawa 88. Wiki ya nane bilirubini 14, CA 19-9 ni 21. Daktari alikuwa ameniambia mapema, manjano yakiisha na namba ikagoma kushuka tutaanza kuitafuta kansa kwa nguvu zote. Kwa hiyo wiki zile nane sikuwa nalala.

Na msije mkaigeuza ikawa ikiwa chini ni salama. Kitanda cha jirani wodini kulikuwa na baba mmoja, manjano bila maumivu, amekonda, CA 19-9 yake 6. Watoto wake wakafurahi sana. Siti skani ikaonyesha uvimbe kwenye kichwa cha kongosho. Wapo watu wamezaliwa bila aina ya damu inayoitwa Lewis, miili yao haitengenezi CA 19-9 hata kansa iwe kubwa kiasi gani, na sisi Waafrika tuko wengi wa hivyo kuliko Wazungu. Yule mwanae wa kwanza tulikaa naye ngazini mpaka usiku, sikuwa na neno la kumwambia.

Mama alirudi Dar kutolewa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo, mfuko ukapelekwa patholojia. Jibu likaja kwa simu niko kazini: mawe, na mfuko kuvimba kwa muda mrefu tu, hakuna chembe za kansa. Nilimpigia mjomba kabla ya mtu mwingine yeyote.