Na majani mmeandika wapi?

Agosti 2014 tulikutana Moshi, wachumi kilimo na maafisa ugani wa nchi sita za Afrika, kutengeneza daftari moja la kumbukumbu za shamba. Tulitaka mkulima wa Kilimanjaro na wa Malawi wajaze kitu kimoja, ili tuone nani anapata na nani anapoteza, na kwa nini. Juni ya mwaka huohuo wakuu wa nchi zetu walikuwa wameahidi kule Malabo, Guinea ya Ikweta, kwamba ifikapo 2025 upotevu wa mazao baada ya mavuno utapungua kwa nusu. Lakini nusu ya nini, kama mkulima hajui alivuna kiasi gani?

Siku ya kwanza yote iliishia kwenye vipimo. Mkenya alihesabu kwa gorogoro, kopo lake la kilo mbili. Mwethiopia kwa kuntali, kilo mia. Mimi nikasema gunia, wakaniuliza la kilo ngapi, na hapo ikabidi niwaeleze lumbesa: gunia lililojaa, kisha likashonewa nyongeza juu, mnunuzi analipa bei ya gunia moja. Walinyamaza. Tukakubaliana kilo tu.

Kesho yake tukapanda Kibosho, kwa bibi mmoja mwenye kihamba, shamba la nyumbani la Wachagga, kisichofika ekari, mpaka wake umezungushiwa mimea ya masale. Kahawa chini ya migomba, ng'ombe wawili bandani. Tukajaza: kahawa, ndizi, maziwa, pumba, dawa. Mwenzetu wa Uganda akasoma hesabu ya ng'ombe kwa furaha, faida ilikuwa nzuri.

Bibi akauliza, "Na majani mmeandika wapi, wanangu?"

Hanunui majani, kwa hiyo tulikuwa tumeweka sifuri.

Hakubishana. Akatuonyesha mzigo aliotoka kuutua, wa majani na mabua ya mahindi kutoka tambarare, kamba imeuma katikati. Tukatundika mizani kwenye tawi la mringaringa: kilo 28. Huwa anashuka alfajiri, anarudi jua limeshachomoza, na jioni anashuka tena. "Basi andikeni na shingo yangu," akasema. Mmalawi, mwanamume mwenye nguvu zake, aliunyanyua mzigo hadi kifuani, akaurudisha chini taratibu.

Tulipoziweka saa zake kwa ujira wa kibarua, faida ya ng'ombe ikayeyuka karibu yote. Halafu tukakumbuka samadi, inayolisha migomba na kahawa, nayo hatukuwa tumeihesabu. Usiku tulibishana hadi chakula kikapoa. Mkenya alishikilia kwamba jasho la familia halina bei, maana hakuna aliyekuwa tayari kumwajiri bibi yule. Nilimpinga, na bado nampinga. Usipoweka bei, weka saa. Saa zisipoandikwa, utamshauri aongeze ng'ombe wa tatu na utakuwa unamwua.

Daftari lilitoka na safu mbili mpya, saa za familia na samadi, na wenzangu wakaondoka nalo makwao.

Mizani tulimwachia bibi. Niliporudi Novemba ilikuwa bado inaning'inia palepale. Mjukuu wake alikuwa amejaza kurasa tisa kwa kalamu ya risasi, na safu ya majani haikurukwa hata siku moja. Kwenye ukurasa wa mwisho, pembeni ya saa za bibi, paliandikwa mara mbili, Jumamosi na Jumamosi: "Baba amebeba."