Tishu yako ya Barafu nani ataishusha?

Desemba inakuja na najua magrupu ya WhatsApp yashaanza kujipanga kupanda Kilimanjaro kwa ajili ya tarehe 9, Siku ya Uhuru, wengine wa ofisini, wengine wa kanisani, na wengi ndo mara yao ya kwanza. Nafurahi sana kuona Wabongo tunapanda mlima wetu wenyewe. Ila kabla hamjalipa hela naomba tuongee kuhusu uchafu tunaouacha kule juu, hasa ule ambao hakuna anayependa kuutaja.

Ukipita njia ya Machame au Lemosho, kambi ya mwisho kabla ya kilele ni Barafu, zaidi ya mita 4,600, na mnaondoka pale kama saa sita usiku. Sasa fikiria, kila mtu kaambiwa anywe lita tatu mpaka nne kwa siku, na wengine wanameza Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, ambayo inakufanya ukojoe kila mara, kwa hiyo kati ya Barafu na Stella Point, kule ukingoni mwa kreta, watu wanachepuka nyuma ya mawe, wanajisaidia, wanadondosha tishu, wanaendelea na safari. Ni giza, baridi kali, kichwa kinauma, hakuna anayemuona mwenzake. Asubuhi mkiwa mnashuka na jua limeshatoka ndo unaona nyuma ya mawe kulivyo, tishu juu ya tishu.

Ukiuliza unaambiwa itaoza tu. Haiozi kirahisi hivyo jamani! Kule juu ni jangwa, baridi na ukavu muda wote, vile vijidudu vinavyoozesha vitu huku chini kule havina nguvu hiyo. Ganda la chungwa likitupwa kwenye kihamba, shamba la nyumbani, kule Kibosho baada ya muda hulioni tena, kule linakauka tu na kubaki. Na zile tishu za unyevu za kufutia watoto, ambazo kila mtu anabeba kwa sababu hakuna kuoga, nyingi zina plastiki ndani.

Afu kuna hii kauli ya "si kuna watu wanalipwa". Ni kweli takataka za kundi zinashushwa na kupimwa, na wagumu, yaani wapagazi wetu, wanafanya kazi kubwa sana, mizigo ya kilo 20 kichwani na mabegani. Ila mgumu analipwa kubeba hema, gesi na chakula, hajalipwa kuzunguka nyuma ya mawe kwenye mita 5,000 akiokota tishu uliyojifutia wewe. Ile tishu haifiki kwenye mzani wowote. Hapo ni wewe na nafsi yako tu, na mimi naona hapo ndo uungwana wa mtu unapojulikana.

Maji nayo. Barafu hakuna maji, wagumu wanayachota Bonde la Karanga na kupanda nayo. Kwa hiyo mtu akijisaidia karibu na kijito kule Karanga anawachafulia wenzake chai ya jioni, na maji yenyewe hayaishii pale, vijito vya mlima huu ndo vinalisha mifongo, ile mifereji ya Wachagga, na vinaingia Mto Pangani mpaka baharini. Sogea mbali na maji, hatua kama 70 hivi, sio nyingi.

Moto sitauongelea sana, wote tunakumbuka Oktoba 2020. Taarifa za mwanzo zilisema ulianzia eneo la Whona, kati ya kambi za Mandara na Horombo kwenye njia ya Marangu, wagumu wakiwa wanapasha chakula cha wapandaji. Watu waliwalaumu wagumu. Mimi najiuliza hicho chakula cha moto njiani kilikuwa cha nani.

Na ile miti mirefu ya ajabu pale kambi ya Barranco, senesio, tafadhali usiipande kwa ajili ya picha wala usinyofoe yale majani makavu shinani. Yale majani ni kama koti lake, yanaukinga usigande usiku, na mti unakua taratibu mno.

Kwa hiyo ukifunga begi weka mifuko kadhaa ya zipu, mmoja uuzungushie tepu kwa nje ili usione kilichomo, tishu zote ziingie humo na ushuke nayo mwenyewe mpaka geti la Mweka. Chupa za maji za kutupa haziruhusiwi hifadhini, nunua ya kudumu. Na kabla ya kulipa iulize kampuni kama wanabeba choo cha kuhamishika, na yule mgumu anayekibeba na kukisafisha analipwa shilingi ngapi, maana ile kazi ni ngumu na tipu yake isiwe ndogo kuliko ya wengine. Wakikwambia choo ni cha Wazungu tu, tafuta kampuni nyingine, zipo nyingi Moshi.