Usiku Tuliowasha VT-x

Kerneli hii inahitaji prosesa ya x86-64, lakini iliyoonekana ni i686. Yaani kiini cha mfumo kilitaka prosesa ya biti 64, kikaona ya biti 32. Ndivyo kioo cheusi kilivyotuambia ndani ya VirtualBox, programu inayounda mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi; kisha kikaganda. Ilikuwa mwaka 2014, Tanga, nyumbani kwa mama mkubwa. Binti yake alikuwa ameanza masomo ya kompyuta chuoni na alitaka Ubuntu 14.04, mfumo wa Linux, ndani ya Windows, kwa kuwa laptop ilikuwa ya nyumba nzima na hakuna aliyekubali Windows ifutwe.

"Dada, faili limeharibika hili. Nipakue tena?"

Faili la kusakinishia Ubuntu lilikaribia gigabaiti moja, na alilivuta kwa bando la usiku. Nikamkataza. Windows ina amri ya certutil inayokokotoa alama ya MD5 ya faili lolote, mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika faili likiharibika. Tukaikokotoa, tukailinganisha na ile iliyotolewa na Ubuntu, herufi kwa herufi. Zikafanana. Faili lilikuwa zima.

Ikabaki kompyuta, na hapo nilikereka, maana Windows yenyewe ilisema prosesa ni ya biti 64. Aliyegundua pa kushika ni huyo huyo mdogo wangu. Alirudi kwenye dirisha la kuunda mashine pepe, akafungua orodha ya mifumo, akaniuliza mbona yote ni ya biti 32.

Nikakumbuka VT-x. Intel walianza kuiweka kwenye prosesa mwaka 2005 ili mashine pepe ziendeshwe na prosesa yenyewe, lakini kompyuta nyingi ziliuzwa ikiwa imezimwa kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Bila VT-x, VirtualBox ya wakati ule iliendesha mifumo ya biti 32 tu, hata juu ya prosesa ya biti 64. Ubuntu ilisema kweli: ndani ya mashine pepe ilionyeshwa i686. Linaniuma sana jambo hili, kwa sababu wanafunzi hukwama hapa wakaamini kompyuta zao ni duni, kumbe uwezo upo, umefungiwa tu.

Tukaingia BIOS, tukaiwasha, tukahifadhi, kompyuta ikajiwasha upya. Ujumbe ni uleule! Mdogo wangu akataka kulia. Kuna mashine zisizoukubali mpangilio huo mpaka umeme ukatike kabisa, kwa hiyo nikazima, nikachomoa chaja na betri, tukangoja kidogo, nikawasha. Orodha ikaja na mifumo ya biti 64.

Kusakinisha kulikwenda taratibu mno, maana tuliipa Ubuntu gigabaiti moja tu ya RAM. Ilipowaka akafungua terminali, akaandika uname -m, amri inayotaja aina ya prosesa. Jibu likaja: x86_64. Alipiga kigelegele mpaka mama mkubwa akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Wiki iliyofuata alinipigia simu kutoka chuoni. Mwenzake amekwama palepale, ila prosesa yake ni ya AMD na kwenye BIOS haoni VT-x. Nikamwambia atafute SVM, jina la AMD kwa kitu kilekile.